Je, Wajua? Benchi la Bibi, Baraza la Tibirinzi

Kichwa kisichoacha kugonga, usingizi kupaa, moyo kwenda mbio, kuwafokea watoto bila sababu: huenda ni msongo wa mawazo uliopita kiasi. Kule Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wazee wa mtaa kuwasikiliza wenye dhiki kwenye benchi, nje ya zahanati. Bibi hatoi amri. Anamsaidia mtu kuchagua tatizo moja tu, kisha wanapanga pamoja hatua ya kulitatua. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kubwa baada ya miezi 6.

Hapa Tibirinzi, Chake Chake, mabaraza ya kusikilizana hivyo tunayo, na bibi wenye subira pia. Lakini dalili hizo zikidumu zaidi ya wiki 2, nenda hospitali ukaonane na daktari.