Botswana, Nchi Iitayo Fedha Yake Mvua

Nchi ya Botswana iko kusini mwa Afrika, nayo haina pwani. Ukubwa wake ni maili za mraba 224,000 na zaidi, yaani karibu sawasawa na Kenya. Lakini hesabu ya mwaka 2022 ilipata watu milioni 2.36 tu, ilhali Kenya ilihesabiwa watu milioni 47 na zaidi mwaka 2019. Sababu ya uchache huo ni ukame. Sehemu kubwa ya nchi ni jangwa la Kalahari, na watu walio wengi hukaa upande wa mashariki, ipitapo reli. Kaskazini iko ajabu moja: mto Okavango hutoka Angola, lakini haufiki baharini, maji yake hutapakaa mabwawani na kupotelea mchangani na hewani.

Mwaka 1885 Waingereza waliiweka nchi hiyo chini ya ulinzi wao, ikaitwa Bechuanaland. Miaka kumi baadaye ilikusudiwa kukabidhiwa kampuni ya Cecil Rhodes. Machifu watatu, Khama, Sebele na Bathoen, walipanda meli wakaenda Uingereza, wakaeleza shauri lao mji hata mji, wakaonana na Malkia Victoria. Ilibidi watoe ukanda wa ardhi kwa ajili ya reli, lakini nchi yao haikutiwa mikononi mwa kampuni.

Hata hivyo, kwa miaka mingi makao ya serikali yalikuwa Mafeking, ndani ya Afrika ya Kusini, mpaka yalipohamia Gaborone mwaka 1965. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Septemba 1966, na Rais wa kwanza alikuwa Seretse Khama, mjukuu wa yule chifu.

Mwaka 1967 almasi ziligunduliwa huko Orapa, katika nchi ya kabila lake mwenyewe. Angaliweza kuwapendelea watu wake. Lakini sheria ya mwaka ule ule iliyafanya madini kuwa mali ya taifa zima. Na mwaka 1976 watu walipoombwa kusaidia kujenga Chuo Kikuu, wengine walitoa ng'ombe, wengine nafaka, wengine fedha.

Fedha yao huitwa pula, maana yake mvua. Nao walijua, kama sisi tujuavyo, kwamba mvua haichagui shamba la mtu mmoja.