Kupiga Picha Ndege Zinazozima Moto

Katika nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania, hususan Ufaransa, Italia, Hispania na Ugiriki, misitu na vichaka hukauka kila kiangazi kiasi kwamba moto ukipata upepo huteketeza bonde zima kwa muda mfupi, na ndiyo maana nchi hizo huwa na ndege zilizoundwa mahususi kubeba maji na kuyamwaga juu ya moto. Picha za ndege hizo hupendwa sana magazetini, lakini picha yenye maana haitokani na bei ya kamera. Hutokana na mpigapicha kuielewa kazi ya ndege yenyewe.

Ndege inayofahamika zaidi ni Canadair CL-415, yenye asili ya Kanada, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Ndege hii haihitaji kutua ili ijaze maji, kwani hushuka hadi tumbo lake liguse ziwa au bahari, ikateleza juu ya maji huku ikiendelea kukimbia, na maji yakaingia kwa msukumo kupitia matundu madogo yaliyo chini yake, hivi kwamba kwa takribani sekunde 12 huwa imechota zaidi ya lita 6,000 na kuinuka tena. Kwa kuwa safari hiyo ya majini na motoni hurudiwa mara nyingi, na marubani hufuata njia inayokaribiana kwa sababu ya upepo na milima, mpigapicha anayetazama mizunguko ya mwanzo bila kuinua kamera hujua ndege itapita wapi na jua litaiangazia upande gani. Subira hiyo ndiyo inayokosekana katika picha nyingi.

Jambo la pili ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia. Muda ukiwa mfupi mno, rafadha, ambazo ni mapanga yanayozunguka mbele ya injini, huonekana zimesimama, na ndege huwa kana kwamba imezimika angani. Kwa hiyo hufaa kutumia 1/250 ya sekunde au muda mrefu zaidi, huku kamera ikiifuata ndege kwa mwendo uleule ili umbo lake lisififie. Helikopta huhitaji muda mrefu zaidi, ilhali ndege za jeti zisizo na rafadha, kama DC-10 inayotumika Marekani, hazina shida hiyo.

Moshi nao huidanganya kamera. Ule mweupe huifanya ipunguze mwanga hadi ndege ikawa kivuli tu, na ule mzito huuvuruga mfumo wa kulenga, hivyo ni heri ndege ilengwe kabla haijaingia moshini.

Wakati wa kumwaga ndio unaotamaniwa zaidi, na ndio unaoharibiwa zaidi kwa tamaa ya kuikuza ndege hadi ijaze picha yote, kwa sababu msomaji hubaki na ndege na wingu la maji, asione moto ulipo wala nyumba zinazookolewa. Isitoshe, kemikali nyekundu inayomwagwa na ndege nyingi za Marekani hutandazwa mbele ya moto ili mimea isishike, wala si juu ya ndimi zake, na wekundu wake humwonyesha rubani mahali mwenzake alipoishia; asiyejua hayo huweza kuandika chini ya picha yake kwamba rubani alikosea shabaha, na hivyo kumdhulumu mtu aliyefanya kazi yake barabara.

Droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, haina nafasi kabisa katika kazi hii. Januari 2025, wakati wa moto wa Palisades jijini Los Angeles, droni iliyorushwa na raia iligonga CL-415 iliyotoka Quebec na kuutoboa ubawa wake, ikabidi ndege hiyo isimamishwe kazi ilhali nyumba zinaungua. Mahali panapofaa ni kilima cha mbali, nje ya eneo lililofungwa na nje ya mstari wa kumwagia, maana maji mengi yakishuka kutoka chini mno huvunja matawi na huweza kuua. Kutoka huko lenzi ndefu ya milimita 400 hutosha, na barabara hubaki wazi kwa magari ya zimamoto.