Kolwezi: baada ya kelele za mgodi, punguza sauti ya muziki

Huko Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba, si ajabu kumuona mfanyakazi wa mgodi wa shaba akirudi nyumbani na ekuteri masikioni, rumba ikimpunguzia uchovu. Lakini sikio halitofautishi kelele za mashine na muziki mtamu. Linahesabu zote pamoja.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima asipitishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unapungua kwa nusu: kwenye desibeli 83 ni saa 20, kwenye 86 ni saa 10 tu. Anayeshinda karibu na mashine ya kutoboa mwamba bila vizibo vya masikio anaweza kumaliza fungu lake lote kabla ya wimbo wa kwanza.

Kwenye simu, sauti isizidi asilimia 60. Nyumbani, usikae karibu na bafle. Masikio yakivuma, zima muziki uyapumzishe, kwa sababu chembe za kusikia zikifa hazioti tena. Mvumo usipoisha, nenda ukapimwe hospitalini.