Zawadi ya Ng'ambo na Umeme wa Nyumbani



Katika ziara yetu ya Homa Bay tulifikia kwa mama mmoja mjane, ambaye mwanawe anafanya kazi Marekani. Kijana huyo alikuwa amemletea mamake kompyuta ya mezani ili afungue kibanda cha kuchapa barua na fomu karibu na soko. Meza ilikwisha kununuliwa kwa fedha za chama, na kodi ya mwezi wa kwanza ilikwisha kulipwa. Miguu ya plagi ilikuwa bapa na haikuingia katika soketi zetu za matundu matatu. Mama akanunua kiunganishi dukani, nayo ikaingia. Alipobonyeza swichi, ulisikika mlio mmoja, kisha harufu ya kuungua.

"Sheikh," alituambia huku machozi yakimlengalenga, "plagi ilikubali, nikadhani na umeme umekubali."

Maneno hayo ndiyo kiini cha makala yetu. Kiunganishi hubadilisha umbo la miguu ya plagi tu. Hakipunguzi umeme hata kidogo. Umeme wa Kenya ni volti 240, wa Marekani na Kanada ni volti 120, na wa Japani ni volti 100. Kifaa kilichoundwa kwa volti 120 pekee kikitiwa katika soketi zetu hupokea msukumo maradufu. Kwa kifaa cha kupasha joto, kama vile pasi, msukumo ukiwa maradufu joto huwa mara nne, na hapo nyumba yenyewe imo hatarini. Jamaa zetu walio Oman na Dubai hutumia umeme unaokaribiana na wetu, na vivyo hivyo Tanzania. Anayetoka Migori akavuka mpaka wa Isebania na kipakatalishi chake hana la kuogopa.

Basi tufanyeje? Tusome lebo kabla ya kuchomeka. Chaja nyingi za simu na za vipakatalishi zimeandikwa 100–240V, 50/60Hz. Hizo hufaa popote, na kiunganishi pekee chatosha. Kompyuta za mezani, hasa za zamani, huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma, penye kutiwa waya wa umeme, yenye tarakimu 115 na 230. Ya mama yetu ilikuwa kwenye 115. Ingesogezwa hadi 230 kabla ya kuwashwa, madhara yale yangeepukwa.

Kifaa kikiandikwa 120V pekee, huhitaji transfoma ya kushusha umeme. Tulipopita Migori tulimkuta dada mmoja aliyeletewa printa kutoka Kanada. Kabla ya kuigusa alimwita bintiye amsomee lebo: 120V, 3A. Walizidisha 120 kwa 3, wakapata 360, wakanunua transfoma ya wati 500 ili isielemewe. Leo printa hiyo ndiyo ichapayo karatasi za mtihani za madrasa ya mtaani kwao.

Na mama wa Homa Bay? Alhamdulillahi, fundi alikuta kisanduku cha umeme pekee ndicho kilichoungua, akakibadilisha. Lakini fedha zilizowekwa kwa ajili ya karatasi na wino zilikwendea huko, na kibanda kikafunguliwa wiki mbili baadaye, ilhali kodi ilikuwa ikihesabiwa.

Enyi vijana mlio ng'ambo, mnapowatumia wazazi kifaa, msitume chuma pekee. Andikeni kwa Kiswahili, juu ya kipande cha karatasi, kifaa hicho chataka volti ngapi na kama chahitaji transfoma, kisha mkibandike juu ya plagi. Nanyi kina mama, msione haya kuuliza wala kumpa mtoto akusomeeni maandishi madogo. Kusoma lebo ni kazi ya dakika moja, na mama yule aliilipia wiki mbili.

Wabillahi tawfiq.