Mkupuo ni Pensheni ya Miezi Mia Moja

Kabla mkupuo wa kustaafu haujaingia benki, watu wameshaugawa. Mtoto wa kwanza anataka mtaji wa bodaboda, wa mwisho anadai ada, fundi ameshapita kutazama kiwanja, na kamati ya ujenzi wa kanisa imeshaliweka jina la mstaafu kwenye orodha ya wanaotegemewa. Kilosa mjini ndivyo ilivyo, Mikumi pia, na Kidodi kwenye miwa vilevile. Mwalimu au muuguzi aliyetumikia miaka 30 anajikuta na uamuzi mkubwa kuliko wote wa fedha maishani mwake, na anatakiwa aufanye katika majuma yaleyale ambayo kila anayekutana naye anamwona tajiri. Namwandikia huyo, hasa kama ni Mkristo asiyetaka kuwa na moyo mmoja kanisani na mwingine benki.

Nianze na hesabu, kwa sababu watu wengi hubishana kuhusu kikokotoo bila kukipiga. Kwa mtumishi wa umma aliye kwenye mfuko wa pensheni wa PSSSF, miezi aliyochangia hugawanywa kwa 580, kisha huzidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyokuwa bora zaidi. Jibu ni pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa mara moja; huo ndio mkupuo. Inayobaki hugawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi maisha yote. Ugomvi mkubwa umekuwa juu ya ukubwa wa sehemu ya kwanza. Kanuni za 2018 zilisema asilimia 25 na zikasitishwa Desemba mwaka huohuo. Julai 2022 ikawa asilimia 33. Bajeti ya Juni 2024 ikaipandisha hadi asilimia 40 kwa waliotoka kwenye mifuko ya zamani iliyokuwa ikilipa nusu, na asilimia 35 kwa waliotoka kwenye iliyokuwa ikilipa robo.

Tuchukue mwalimu wa shule ya msingi pale Kimamba, aliyechangia miezi 360, wastani wa mshahara wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, naye yumo kwenye kundi la asilimia 40. Mkupuo wake ni shilingi 37,241,379. Pensheni yake ya mwezi ni shilingi 372,414. Sasa gawanya ya kwanza kwa ya pili: unapata miezi 100. Si bahati ya mwalimu huyu. Kwa kila aliye kwenye kundi lile, awe mhudumu au mkurugenzi, mkupuo ni pensheni ya miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Aliyestaafu na miaka 60, akifika 68 na miezi minne atakuwa ameshapokea kidogo kidogo kiasi kilekile kilichomtikisa siku ya kwanza, na pensheni itakuwa bado inaendelea.

Ndiyo maana nawaomba wastaafu waache kuuona mkupuo kama zawadi ya kuagwa. Anayeumaliza kwa mwaka mmoja amekula pensheni ya miezi 100 kwa miezi 12. Na utajiri wenyewe, ule usioisha, ni ile laki tatu na kitu inayodharauliwa kwa sababu haipigi kelele.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, kina mtu aliyelielewa jambo hili kabla ya mfuko wowote wa pensheni. Yusufu alimshauri Farao atenge sehemu ya tano ya mavuno ya miaka saba ya neema. Sehemu ya tano ni asilimia 20. Mchango wa mwanachama wa PSSSF nao ni asilimia 20 ya mshahara, tano zake na 15 za mwajiri. Mahubiri mengi huishia hapo kwenye kutunza. Lakini kazi ngumu ya Yusufu ilikuja baadaye, njaa ilipoingia na watu wakawa wanamlilia Farao. Aliuza nafaka kwa kipimo, mwaka baada ya mwaka, na ghala likavuka miaka saba. Kama angelifungua lote mwaka wa kwanza kwa huruma, hata baba yake na ndugu zake wangekuta sakafu tupu. Kutoa kwa kipimo ni upendo unaoona mbali, na mstaafu anayesema "si leo" kwa mtoto wake hana sababu ya kujiona mchoyo.

Maneno ya kusema yapo, wala si makali. "Mwanangu, fedha ile tumeshaifunga mimi na mama yako. Kila mwezi pensheni ikiingia nitakuchangia elfu thelathini ya ada mpaka mjukuu amalize." Mtoto amesaidiwa, ghala halijafunguliwa. Linalotakiwa ni kwamba maneno hayo yawe kweli: fedha iwe imefungwa hasa, na mwenza awe anajua imefungwa wapi.

Ifungwe wapi? Mhubiri, sura ya 11, anashauri kugawa fungu kwa saba, naam hata kwa wanane, kwa kuwa hatujui baya litakalotokea. Kwa milioni 37 mafungu manne yanatosha. Kwanza deni liishe, kwa sababu riba ya deni karibu siku zote huishinda faida ya uwekezaji. Pili, akiba ya miezi sita ya matumizi ikae mahali inapotoka haraka. Fungu kubwa liende kwenye hatifungani za Serikali, ambazo Benki Kuu huziuza kuanzia shilingi milioni moja na hulipa riba mara mbili kwa mwaka, au kwenye mifuko ya UTT AMIS kama Mfuko wa Hatifungani na Jikimu, inayotoa gawio. Tuseme mwalimu wetu ameweka milioni 20 kwenye hatifungani ya riba ya asilimia 12. Kwa mwaka ni milioni 2.4, sawa na laki mbili kwa mwezi. Pensheni yake imeongezeka kwa zaidi ya nusu na mtaji bado upo. Atakayeitaka milioni 20 yake kabla ya muda atalazimika kuuza hatifungani sokoni, kwa bei ya siku hiyo. Basi asiweke humo fedha ya matibabu.

Fungu la nne, lililo dogo, ndilo la mradi. Hapa Kilosa inapendeza na inatisha. Aliyekulia kwenye ajira anamwona jirani Ruhembe akilipwa mamilioni ya miwa, na anataka ekari kumi mara moja. Asichokiona ni kwamba miwa ya kwanza huchukua karibu mwaka mzima shambani kabla ya senti ya kwanza, kwamba kiwanda hulipa kwa tani na kwa kiwango cha sukari kilichomo, kwamba gharama za kukata na kusafirisha hukatwa kabla malipo hayajamfikia, na kwamba miwa iliyopitwa na zamu ya kuvunwa, mvua zikaingia, hupoteza uzito wa mfukoni hata kama imesimama vizuri machoni. Anayepakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ana jambo lingine: tembo. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa, na jina lenyewe linaeleza kwamba si thamani ya shamba. Mimi ningeanza kwa kukodi ekari moja kwa msimu mmoja, na kama ni mahindi ningepita kwanza kituo cha utafiti cha Ilonga, ilikotoka mbegu ya Staha, niulize ipi inafaa kwa udongo wangu. Usinunue shamba ambalo hujawahi kulala karibu nalo masika.

Na nyumba. Viwanja vya bei rahisi vilivyo karibu na Mto Mkondoa vina sababu ya kuwa rahisi. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto huo ulivunja kingo, ukaingia Kilosa mjini, ukaharibu reli na kuwaacha maelfu kwenye mahema. Wenyeji wanajua maji yalifika wapi; mwulize mzee wa mtaa, atakuonyesha kwenye ukuta. Mstaafu hana mkupuo wa pili wa kujengea tena.

Sasa sadaka, maana hapa ndipo dhamiri zinapobanwa. Je, fungu la kumi linatoka kwenye mkupuo? Waumini wanajibu tofauti. Aliyekuwa akitoa kumi ya mshahara wote kabla ya makato ameshaitoa kwa ile asilimia tano yake. Zile 15 za mwajiri hajawahi kuzigusa. Aliyekuwa akitoa kwenye kilichofika mkononi hajatoa kwa zote mbili. Naamini jambo hilo mtu analiamua mbele za Mungu na mwenza wake, mezani kwao, akiwa na karatasi, wala si mbele ya kipaza sauti siku ya harambee. Kilicho wazi zaidi ni kwamba kumi ya pensheni ya mwalimu wetu ni 37,241 kila mwezi, na akiishi miaka 20 atakuwa amelipatia kanisa karibu milioni tisa bila kutikisika mwezi hata mmoja. Kanisa lenye hekima litamhitaji mtoaji huyo kuliko yule wa bahasha moja nene ambaye miaka miwili baadaye anaombewa msaada na jumuiya. Yesu mwenyewe, katika Marko 7, aliwakemea waliotumia sadaka kama kisingizio cha kuwanyima wazazi wao.

Kuna hatari inayokuja ikiwa imevaa maneno ya Biblia. Nchi hii iliiona DECI. Ilikuwa na wachungaji kwenye uongozi, watu walialikwa "kupanda mbegu" na kuahidiwa mavuno, na walichovuna wa mwanzo kilikuwa fedha za waliofuata. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya wakurugenzi wake. Mfano wa mpanzi haukuwahi kuwa kanuni ya riba. Ukiambiwa fedha yako itaongezeka maradufu kwa miezi, uliza kitu kimoja tu: faida inatokana na kuuza nini, kwa nani? Kama jibu ni ushuhuda badala ya bidhaa, ondoka, hata kama anayekualika ni mwimbaji mwenzako wa kwaya.

Hatari ya pili ni mkopo wa kausha damu. Mtindo wake unajulikana: mstaafu amebanwa na msiba au ada, anapewa laki tano, na dhamana ni kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Siku ya pensheni mkopeshaji ndiye anayesimama kwenye mashine. Mzee anaingia mwezi akiwa hana kitu, anakopa tena kwa yuleyule, na mzunguko unafunga. Kadi na namba ya siri havitoki mkononi mwako kwa mtu yeyote, awe mkopeshaji au mjukuu. Mwenye shida ya ghafla aende SACCOS, au benki yenye mkopo wa wastaafu wenye mkataba unaosomeka. Na Mithali 22 inaonya dhidi ya kumdhamini mwenzako kwa deni usiloweza kulilipa. Wastaafu wetu huombwa udhamini mno, kwa kuwa pensheni yao ni ya uhakika.

Mengine nitayapita haraka. Uhakiki wa wastaafu wa PSSSF usiupuuze. Siku hizi unafanyika hata kwa simu janja. Mtumishi aliyekuwa mwanachama wa bima ya afya ya NHIF hadi kustaafu, akiwa ametimiza masharti ya uchangiaji, huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake, watoto wakiwa nje ya kadi. Basi chagua pa kuishi ukihesabu na umbali wa hospitali, iwe ya wilaya Kilosa au Mtakatifu Kizito pale Mikumi. Andika wosia, RITA wanauhifadhi, na mwenza ajue upo.

Kuhusu kuishi vema siku zenyewe, Biblia ina mahali pamoja panapozungumzia kustaafu kwa umri. Ni Hesabu, sura ya 8: Mlawi akifika miaka 50 aache kazi nzito ya hema, lakini aendelee kuwasaidia ndugu zake na kulinda. Mizigo imeshuka, nafasi yake kati ya watu imebaki. Muuguzi mstaafu anaweza kupima shinikizo la damu baada ya ibada. Mhasibu mstaafu anaweza kukagua vitabu vya kikoba cha akina mama. Wazee wengi wanaonyong'onyea baada ya kustaafu wanaumizwa zaidi na kutoitwa popote kuliko na ufinyu wa pensheni.

Nimesema mengi juu ya wenye pensheni, na wengi wa waumini hawana. Mwinjilisti wa mtaa na katekista wa kigango kwenye kata za Vidunda au Ulaya, hapa Kilosa, hubatiza wagonjwa, huzika, hufundisha kipaimara miaka 30, kisha huzeeka kwa kutegemea huruma. Mfuko wa NSSF hupokea wanachama wa hiari kuanzia shilingi 30,000 kwa mwezi, na pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Waumini 30 wakitoa elfu moja moja kila mwezi, katekista mwenye miaka 45 leo atakuwa na pensheni yake akifika 60. Kamati inayokutana kupanga bati la kanisa inaweza kuliweka jambo hilo kwenye ajenda ya kikao kijacho, na mstaafu mwenye uzoefu wa ofisi akajitolea kupeleka fomu na kutunza kumbukumbu za michango.