Kustaafu na Kurudi: Maneno Mawili katika Hadithi ya Bondia wa Kijapani

Nia ya makala haya ni kueleza sehemu moja ya hadithi ya Kijapani, iliyosimuliwa kwanza kwa michoro ya vitabu na baadaye kwa filamu za michoro ziitwazo anime, na kuitazama kwa jicho la mwanafunzi wa lugha. Sehemu hiyo yahusu bondia aliyepita ujana, mwenye mke na mtoto, ambaye aliuacha ulingo kisha akaurudia. Huenda msomaji akashangaa kuona habari za ngumi katika kurasa za uchunguzi wa lugha. Lakini mfasiri yeyote atakayetaka kuieleza hadithi hii kwa Kiswahili hana budi kutumia maneno mawili, kustaafu na kurudi. Na maneno hayo yamebeba mzigo ambao maneno ya Kijapani hayakuubeba. Akiyatumia bila kuyapima, aweza kubadili hukumu ya hadithi pasipo kujua.

Kwanza tuitaje kazi yenyewe. Yaitwa Hajime no Ippo, yaani "hatua ya kwanza", na jina hili ni la fumbo, kwa kuwa Ippo ndilo jina la kijana aliye mhusika mkuu. Mtungaji na mchoraji wake ni Morikawa Joji, mtu ambaye si mshabiki wa mbali tu bali ana ukumbi wake mwenyewe wa kufundishia ngumi. Alianza kuitoa kazi hii katika gazeti la vijana la kila juma mwaka 1989, ikapata tuzo ya kampuni ya Kodansha mwaka 1991, na vitabu vyake vimekwisha kupita juzuu 130. Studio ya Madhouse iliigeuza kuwa anime iliyoonyeshwa katika televisheni ya Japani toka mwaka 2000 hata mwaka 2002, kisha ikaiendeleza mwaka 2009, na tena mwaka 2013 na 2014. Hadithi kuu ni ya Ippo, kijana mpole aliyeonewa shuleni, atafutaye kujua maana ya kuwa na nguvu. Lakini sehemu tunayoichungua si yake; ni ya mtu aliyesimama mbele yake kama mlango uliofungwa, Date Eiji, bingwa wa Japani wa uzani wa unyoya.

Date alikuwa bingwa akiwa kijana, akaenda kupigana na bingwa wa dunia, Ricardo Martinez wa Mexico. Alishindwa vibaya. Wakati huo mkewe, Aiko, alikuwa mja mzito, na mimba ile ikaharibika. Date akaiacha ngumi. Akatafuta kazi ya kampuni, akavaa suti, akawa mume wa kukaa nyumbani kama wengine. Kwa macho ya majirani huo ulikuwa uungwana mtupu: mtu ameacha jambo la hatari kwa ajili ya mke aliyeumia. Lakini Aiko aliyaona ambayo majirani hawakuyaona. Aliona kwamba mtu aliyerudi kutoka Mexico alikuwa ganda, na kiini kilikuwa kimebaki kule. Wakapata mtoto wa kiume, Yuji. Na kwa moyo aliotiwa na mkewe Date akarudi ulingoni, akautwaa tena ubingwa wa nchi yake, akamshinda hata Ippo, na mwishowe akamkabili Martinez kwa mara ya pili. Alikuwa akikaribia miaka thelathini, umri ambao kwa mtu wa uzani mdogo, ambao kasi ndiyo mali yake, huhesabiwa kuwa jioni.

Sasa natuyaangalie maneno. Mjapani akitaka kusema kwamba mchezaji ameacha mchezo wake hutumia neno intai. Neno hili huandikwa kwa herufi mbili za Kichina, ya kwanza yenye maana ya kuvuta, ya pili yenye maana ya kurudi nyuma au kuondoka. Ni picha ya mtu anayejivuta kando. Hakuna mtu wa pili katika picha hiyo. Ajivutaye ni yeye peke yake, wala haombi lolote kwa yeyote.

Kiswahili chasema kustaafu. Asili yake ni Kiarabu, na umbo la kitenzi hicho katika Kiarabu ni lile la kuomba jambo: kuomba kuachiliwa, kuomba udhuru. Shina lake ndilo lililotupa kitenzi kuafu, yaani kusamehe au kuokoa, na ndilo pia lililotupa neno afya. Kwa hiyo katika neno letu, japo mazoea yamelififisha, wamo watu wawili: mwenye kuomba na mwenye kuachilia. Astaafuye huomba ruhusa ya kuweka mzigo chini, na yuko wa kumwambia, "Umeachiliwa, uweke."

Tukiipima hadithi ya Date kwa mizani hii, twaona kitu ambacho macho matupu hayakuonyesha. Alipoiacha ngumi mara ya kwanza, alijivuta kando kwa sauti ya Kijapani, lakini kwa maana ya Kiswahili alikuwa hajastaafu bado. Hakumwomba mtu. Alijihukumu peke yake kwamba ngumi ndiyo iliyoidhuru nyumba yake, akajipa adhabu, akaiita adhabu hiyo upendo. Mkewe hakuulizwa kama aitaka sadaka ile. Hapa ndipo penye uzito wa hadithi. Desturi nyingi, zetu zikiwamo, humsifu mwanamume aachaye kipenzi chake kwa ajili ya jamaa yake, wala hazimwulizi mke kama aliipokea zawadi au alitwishwa deni. Aiko alitwishwa deni. Kila siku alimwona mumewe akizima mbele yake, na sababu ya kuzimika huko ikaitwa kwa jina lake.

Neno la pili ni kurudi. Kijapani kina usemi gen'eki fukki, yaani kurejea katika utumishi ulio hai, nao ni usemi wa wazi usio na fumbo. Kiswahili kimeliwekea neno kurudi maana mbili: kwenda tena ulikotoka, na pia kurekebisha au kuadibu, kama mzazi amrudivyo mwanawe. Maana hii ya pili yafaa sana hapa. Date aliporudi ulingoni alikuwa pia akijirudi, yaani akiisahihisha nafsi yake kwa kosa la kuamua peke yake. Safari hii hakwenda kama kijana mwenye kiu ya sifa. Alikwenda kwa idhini ya nyumba, na yeye na mkewe walikijua kiasi cha hatari. Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Atembeaye kutoka nyuma ya chombo hadi mbele yake hatimaye hurudi ndani, mahali panapokusanyika maji ya kukumbwa. Ngama ya Date ilikuwa ulingo, na yale maji aliyoyaacha bila kuyakumba yalikuwa yakiizamisha nyumba nzima polepole.

Pambano la pili na Martinez limeonyeshwa katika anime ya mwaka 2009. Date ana ngumi ya kusokota na pigo la kulenga moyo, silaha za mtu mzima aliyejifunza kwamba kasi haitamsaidia tena. Anazitumia zote. Anaumizwa vibaya, wala hasalimu amri mpaka nguvu zinapomwishia. Anashindwa, na baada ya hapo anaiacha ngumi moja kwa moja, akimwachia Ippo lile alilokuwa akilitafuta.

Wako wasomaji watakaouliza: kama alishindwa, kurudi kulimfaa nini? Swali hili lina haki yake, hasa kwa kuwa dunia ya kweli imetoa mfano wa namna nyingine. George Foreman wa Marekani alipoteza ubingwa wa uzani wa juu mbele ya Muhammad Ali katika mji wa Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Akaacha ngumi mwaka 1977, akawa mhubiri, akarudi mwaka 1987, na tarehe 5 Novemba 1994, mwenye miaka 45, akamwangusha Michael Moorer na kuutwaa tena ubingwa ule. Miaka ishirini kamili ilimrudishia alichonyang'anywa. Morikawa aliweza kumpa Date mwisho kama huo, kwani kalamu haina uzee. Hakumpa, na nadhani alifanya vema. Kama Date angalishinda, msomaji angalidhani kwamba ushindi ndio uliohalalisha hatari yote, na kwamba ruhusa ya Aiko ilikuwa bahati nasibu iliyotoka vizuri. Kwa kumfanya ashindwe, mtungaji ameitenga ruhusa na matokeo yake. Tofauti ya kushindwa kwa kwanza na kwa pili haimo katika hesabu ya mapigo. Mara ya kwanza aliondoka kwa kukimbia; mara ya pili aliondoka kwa kuachiliwa. Ndipo alipostaafu hasa, na neno letu ndilo linaloweza kuisema tofauti hiyo bila maelezo.

Basi ushauri wangu kwa mfasiri ni huu. Kuondoka kwa kwanza asikuite kustaafu, ingawa Kijapani chatumia neno moja kwa mara zote mbili. Aseme kwamba Date aliiacha ngumi, au alijitenga nayo, na neno kustaafu aliweke akiba hata mwisho wa pambano la pili. Najua kwamba watu wa sheria ya tafsiri watasema neno moja la asili lifuatwe na neno moja la tafsiri. Kanuni hiyo ni njema katika mikataba na katika vitabu vya elimu. Katika hadithi, uaminifu ni kwa jambo linalosemwa, na Kiswahili kikiwa na maneno mawili palipo na moja, si wizi kuyatumia yote.

Liko na neno la tatu ambalo mfasiri hatakuwa na haja ya kulichagua, maana limekwisha kujichagua. Uwanja wa bondia twauita ulingo. Kabla ya ngumi kuingia kwetu, ulingo ulikuwa jukwaa lililojengwa shambani, ambapo mtu alipanda kuwafukuza ndege wasile nafaka. Aliyekaa juu yake alikaa peke yake, juani, mbali na moto wa jikoni. Lakini alichokuwa akikilinda ni chakula cha nyumba.