Ngozi ya Mtoto Mchanga: Kinga Anayozaliwa Nayo

Mtoto anapozaliwa, nyumba nzima hutaka kumtendea jambo. Maji huwekwa motoni kabla mama hajapumzika, kanga mpya hutolewa sandukuni, chupa ya mafuta huwekwa kando ya kitanda, na mzee mwenye uzoefu huulizwa kitovu kipakwe nini. Chimbuko la shughuli hizo zote ni upendo, na mhudumu wa afya hapaswi kuzidharau. Hata hivyo, mengi tuliyojifunza kutokana na utafiti wa miongo ya karibuni yanatuelekeza upande mwingine: ngozi ya mtoto huja duniani na kinga yake, na mara nyingi wajibu wetu wa kwanza ni kutoiharibu.

Suala hili si la urembo. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, watoto wapatao milioni 2.3 walifariki dunia mwaka 2022 kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Maambukizi makali ni miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo, pamoja na kuzaliwa kabla ya wakati na matatizo yatokeayo wakati wa uzazi. Bakteria wanaoleta maambukizi hayo wana milango kadhaa ya kuingilia mwilini, na miwili kati yake iko mbele ya macho yetu: ngozi na kitovu. Kuilinda milango hiyo hakuhitaji mitambo ya gharama. Kunahitaji maji safi, sabuni, mikono iliyonawiwa na maarifa yanayoeleweka na kila anayemshika mtoto.

Utando mweupe si uchafu

Mtoto aliyekaribia kutimiza miezi tisa huzaliwa akiwa na utando mweupe, mzito na wenye kuteleza, hasa mgongoni, makwapani na kwenye mikunjo ya mapaja. Wengi huuona kuwa uchafu. Katika baadhi ya jamii mama huona hata aibu, kwa kudhani kuwa ni dalili ya tendo la ndoa wakati wa ujauzito. Dhana hiyo haina msingi. Utando huo hutengenezwa na ngozi ya mtoto mwenyewe akiwa bado tumboni. Huzuia ngozi kukauka, na ndani yake mna protini zinazopambana na bakteria. Kuusugua mpaka utoke ni kumvua mtoto vazi lake la kwanza.

Kwa sababu hiyo, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita tangu azaliwe. Ikiwa desturi za familia haziruhusu kungoja muda huo, basi zipite angalau saa sita. Mara tu baada ya kuzaliwa, mtoto akaushwe vizuri kwa kitambaa safi ili kuondoa maji na damu, kisha awekwe kifuani kwa mama. Kuoga mapema humpotezea joto, na mtoto aliyepoa hunyonya kwa udhaifu na huwa rahisi kuugua.

Siku zinapopita, uso wa ngozi hujijengea asidi kidogo kidogo, na asidi hiyo huwazuia bakteria wengi wenye madhara kustawi. Sabuni ya mche tunayofulia nguo huivuruga hali hiyo. Maji safi ya uvuguvugu hutosha kwa siku za mwanzo. Sabuni ikihitajika, iwe laini, isiyo na manukato, na itumike kwa kiasi kidogo. Mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati hahitaji kupakwa mafuta kila siku ili kuzuia magonjwa ya ngozi.

Hali ni tofauti kwa mtoto njiti. Tabaka la juu la ngozi yake ni jembamba mno, hupoteza maji na joto kwa haraka, na huchubuka kwa urahisi. Katika hospitali moja ya watoto jijini Dhaka, Bangladesh, watafiti waliwapaka watoto njiti mafuta ya mbegu za alizeti kwa upole. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa uwezekano wa watoto hao kupata maambukizi ya hospitalini ulipungua kwa asilimia 41, wakilinganishwa na wasiopakwa. Leo Shirika la Afya Duniani linasema kuwa mafuta yanaweza kufikiriwa kwa watoto njiti na wenye uzito mdogo. Uamuzi huo ufanywe na watoa huduma wanaomtunza mtoto, na chupa ya mafuta isizungushwe kutoka kitanda hadi kitanda, maana inaweza kubeba vijidudu kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine.

Funzo la Pemba

Hakuna sehemu ya mwili wa mtoto mchanga inayopakwa vitu vingi kama kitovu. Majivu, mate, udongo, samadi ya ng'ombe, mafuta, dawa ya meno: orodha hutofautiana toka kijiji hadi kijiji, lakini nia ni moja, yaani kitovu kikauke upesi na kianguke salama. Hatari yake ni kwamba kitovu kilichokatwa ni kidonda, na mishipa iliyomo bado inaelekea ndani ya mwili. Udongo na samadi vinaweza kubeba vimelea vya pepopunda, ugonjwa ambao mama huweza kumkinga mwanawe kwa kuchanjwa wakati wa ujauzito.

Je, kitovu kipakwe dawa ya kuua vijidudu? Swali hili lilichunguzwa kwa kina kirefu. Huko Sarlahi, Nepali, ambako wakati huo akina mama wengi walijifungulia nyumbani, utafiti wa watoto zaidi ya 15,000 uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa kusafisha kitovu kwa klorheksidini kulipunguza vifo kwa asilimia 24. Wengi walitarajia matokeo kama hayo barani Afrika. Ndipo utafiti mkubwa ukafanyika kisiwani Pemba kuanzia mwaka 2011 hadi 2014, ukihusisha watoto zaidi ya 36,000. Miongoni mwa waliopakwa klorheksidini, vifo vilikuwa 10.5 kwa kila watoto 1,000. Miongoni mwa waliotunziwa kitovu kikavu bila kupakwa kitu, vilikuwa 11.7. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba kitakwimu haiwezi kutenganishwa na bahati tu. Utafiti mwingine mkubwa wa Zambia nao haukuonyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza vifo.

Matokeo hayo hayapingani. Dawa ilisaidia zaidi pale ambapo uzazi ulifanyika katika mazingira yenye hatari kubwa na vifo vilikuwa vingi. Penye hatari ndogo, kitovu kisafi na kikavu kilijitosheleza. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unapendekeza kitovu kiachwe kisafi na kikavu, na klorheksidini itumike kwenye jamii ambazo bado zina mazoea ya kupaka vitu vyenye madhara, kama vile samadi. Pale ambapo miongozo ya nchi inaelekeza itumike, mama aelezwe wazi kuwa dawa hiyo ni ya kitovu pekee. Wapo watoto walioumizwa macho, hata kupofuka, baada ya kutiwa dawa hiyo machoni kwa kudhaniwa kuwa ni dawa ya macho.

Nyumbani, utunzaji wenyewe ni mwepisi: kunawa mikono kabla ya kukigusa kitovu, kukunja nepi chini yake ili mkojo usikifikie, na kutokifunga kwa kitambaa au sarafu. Kikichafuka, kisafishwe kwa maji safi na kukaushwa. Kwa kawaida huanguka chenyewe ndani ya wiki mbili.

Mikono yetu sisi wahudumu

Itakuwa si haki kumhubiria bibi juu ya majivu ilhali wodi zetu zina makosa yao. Mtoto njiti aliyeokolewa kwa jasho jingi anaweza kupotea kwa sababu ya mkono mmoja usionawiwa. Pale ambapo bomba hutoa maji kwa zamu, ndoo yenye koki, sabuni na kitakasa mikono chenye spiriti viwekwe mahali ambapo mhudumu hawezi kuvipita bila kuviona. Kiungamwana kikatwe kwa kifaa tasa. Plasta zinazoshikilia sindano na mirija ziwe chache, na zibanduliwe taratibu baada ya kulowanishwa, kwa kuwa plasta inayong'olewa kwa haraka huondoka na ngozi ya mtoto njiti. Watoto wawili wasilazwe kitanda kimoja kila inapowezekana.

Ipo pia kinga isiyonunuliwa. Utafiti uliofanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, na kuchapishwa mwaka 2021, uliwahusisha watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8. Wale waliowekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara baada ya kuzaliwa walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 25 wakilinganishwa na waliosubiri mpaka hali yao itulie. Walioshukiwa kuwa na maambukizi ya damu walikuwa wachache pia. Mtoto aliye kifuani hupata joto na maziwa kwa urahisi, na hushikwa na mikono michache.

Kuitazama ngozi nyeusi

Vitabu vingi husema: angalia wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Mtazame mtoto mchana, karibu na dirisha, akiwa amevuliwa nguo kwa muda mfupi. Tafuta uvimbe, joto kuzidi sehemu za jirani, ngozi kung'aa au kubadilika rangi kuzunguka kitovu, usaha, au harufu mbaya. Umanjano hutafutwa kwenye weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo.

Si kila kipele ni ugonjwa. Vipele vidogo vinavyotokea siku ya pili na kuhamahama kwa mtoto anayenyonya vizuri kwa kawaida hutoweka vyenyewe. Madoa ya rangi ya buluu kiunoni na matakoni si majeraha. Lakini malengelenge yenye usaha na ngozi inayobambuka yanahitaji kuonwa na mtaalamu siku hiyohiyo.

Mtoto apelekwe hospitali bila kusubiri kuche iwapo ameacha kunyonya vizuri, amepata degedege, anapumua kwa kasi ya mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea anapovuta pumzi, amelegea, ana homa ya nyuzi 37.5 au zaidi, mwili umepoa chini ya nyuzi 35.5, au amekuwa na umanjano ndani ya saa 24 za mwanzo.

Kumpa bibi kazi

Elimu hii huishia mlangoni ikiwa anayeamua nyumbani hakuisikia. Mhudumu anaposema, "Shikamoo, bibi," na kuitikiwa, "Marahaba, mwanangu," huenda akasikia pia: "Sisi watoto wetu tuliwapaka majivu, na wote walikua." Jibu la dharau hufunga mazungumzo. Jibu la heshima huanza kwa kukubali kuwa waliowakuza watoto hao ni akina bibi hao, kisha humwomba msaada: "Bibi, tunaomba uwe mlinzi wa mjukuu wetu. Asimguse mtu asiyenawa mikono. Kitovu kisipakwe kitu. Na ukiona hataki ziwa, wewe ndiwe wa kwanza kusema twende hospitali."

Kumkataza mtu bila kumpa la kufanya humwacha na mikono mitupu, na mikono mitupu hurudia mazoea. Bibi aliyekabidhiwa ulinzi anaweza kuwa mwangalizi makini kuliko sisi, kwa sababu yeye yupo usiku, nasi hatupo. Sisi tumwone mtoto ndani ya saa 24 za mwanzo, tena kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Kila mara tumvue nguo, tuitazame ngozi yote, na tumuulize bibi ameona nini.